Tembo wa Ruaha–Rungwa, 2013 hadi 2015: hesabu tatu zisizopatana

Mwaka 2013 sensa iliyofanywa kutoka angani ilikadiria tembo 20,090 katika mfumo ikolojia wa Ruaha–Rungwa, katikati ya Tanzania. Mwaka uliofuata ikakadiria 8,272. Serikali ikaagiza hesabu irudiwe, na mwaka 2015 yakapatikana makadirio ya 15,836.

Ukizisoma namba hizi kama mtu anayehesabu ng'ombe zizini, utasema tembo karibu 12,000 walitoweka ndani ya mwaka mmoja, kisha 7,500 wakarudi. Sehemu ya kwanza ya habari hiyo haikuwa ya kubeza wakati ule. Makadirio ya kitaifa yalikuwa yameporomoka kutoka tembo 109,051 mwaka 2009 hadi takriban 43,000 mwaka 2014, na Selous–Mikumi peke yake ilikuwa imebakiwa na 13,084 mwaka 2013. Ujangili ulikuwa kwenye kilele chake, hivyo aliyeisoma namba 8,272 na kuiamini hakuwa mjinga. Sehemu ya pili ndiyo isiyowezekana. Kundi la tembo lenye malisho tele, maji na usalama huongezeka kwa asilimia 7 hivi kwa mwaka likijitahidi sana. Tembo 8,272 wangefika 8,850 mwaka 2015, basi. Uhamiaji nao hauokoi hesabu: tembo 7,500 hawawezi kuhama kutoka mfumo wa jirani bila pengo kubwa kuonekana huko walikotoka.

Kwa hiyo kati ya namba tatu, angalau moja haipaswi kusomwa jinsi ilivyoandikwa. Tatizo ni ipi, na ungejuaje.

Eneo lenyewe

Mfumo huu unajumuisha Hifadhi ya Taifa Ruaha, mapori ya akiba ya Rungwa, Kizigo na Muhesi, pamoja na maeneo ya jamii yanayopakana nayo. Kwa hesabu rahisi tuchukue kilomita za mraba 50,000. Upande wa kusini mashariki unapita Ruaha Mkuu, mto ambao tangu 1993 umekuwa ukikatika wakati wa kiangazi ukabaki madimbwi. Mwagusi na Mdonya ni mito ya mchanga. Tembo huchimba kwa mguu na mkonga hadi wafikie maji yaliyo chini. Huko mashariki kuna mibuyu na vichaka vya miiba, na ndege ikipita juu, tembo anaonekana vizuri. Magharibi na kaskazini ni miombo, na miombo ina tabia moja inayomsumbua kila anayehesabu wanyama kutoka angani: hupukutisha majani kiangazi, lakini huanza kuchipua tena kabla ya mvua. Wiki tatu za kuchelewa zinatosha kugeuza pori lililo wazi kuwa zulia la majani mekundu na ya kijani yanayoficha tembo mzima.

Yaweke mambo haya mawili akilini, kwa kuwa yanarudi mbele: tembo wa kiangazi hujazana penye maji machache, na nusu ya eneo huonekana au hufichika kulingana na tarehe.

Ndege haihesabu tembo wote

Hesabu za aina hii ni za sampuli. Ndege ndogo yenye mabawa juu, kwa kawaida Cessna 182 au 206, huruka mistari iliyonyooka na sambamba kwa kimo cha futi 350 hivi kutoka ardhini, mwendo wa kilomita 170 hadi 180 kwa saa. Kila upande kuna mwangalizi nyuma ya rubani. Kwenye nguzo ya bawa zimefungwa fito mbili zinazoelekea nyuma, na mnyama anayeonekana kati ya fito hizo ndiye anayehesabiwa. Aliye nje ya fito, hata akiwa dume la pembe ndefu kupindukia, haingii. Fito hupangwa ili zikate ukanda wa mita 150 ardhini kila upande, yaani mita 300 kwa jumla. Mtu wa mbele, kando ya rubani, huandika kimo, saa na aina ya uoto kwa vipande vya sekunde 30, na GPS hunasa njia yote.

Mistari ikiachana kilomita 5, ukanda wa mita 300 unafunika asilimia 6 ya eneo. Hapo ndipo namba zinapoanza kuwa na uzito wa ajabu: kila tembo aliyeonekana anasimama badala ya tembo 16.7.

Chukua mfano wa kundi la tembo 28 kwenye kingo za mto wa mchanga, asubuhi, chini ya mikuyu. Mwangalizi ana sekunde chache tu za kuliona. Anaona kwamba kundi limekatwa na ufito wa nje: kumi na moja wako ndani, waliobaki wako nje. Akitamka "kumi na moja", makadirio yanapanda kwa 183. Akitamka "ishirini na nane" kwa sababu kundi lilionekana ni moja na ubongo ukalichukua lote, makadirio yanapanda kwa 467. Tofauti ya tembo 284 imezaliwa na neno moja lililotamkwa kwenye kinasa sauti. Ndiyo maana kundi lolote linalozidi kumi hupigwa picha, na fito zionekane ndani ya picha, ili hesabu ya mwisho ifanyike mezani kwa utulivu.

Sasa rudi kwenye namba zetu. Kwa sampuli ya asilimia 6, makadirio ya 8,272 yanatokana na tembo 496 walioonekana. Yale ya 15,836 yanatokana na 950. Pengo lote lililozua mjadala ni tembo 454 machoni mwa waangalizi, sawa na makundi kumi na tano ya tembo thelathini thelathini, kwenye kilomita 10,000 za mistari. Makundi kumi na tano yakisogea mita mia mbili kutoka ndani ya ukanda kwenda nje, hakuna tembo aliyekufa wala kuzaliwa, ila namba ya ripoti inapungua karibu kwa nusu. Makundi yote hayasogei upande mmoja kwa bahati tu, ni kweli, lakini kiasi ambacho bahati inaweza kucheza kinapimika.

Kosa sanifu

Kipimo chenyewe ni kosa sanifu, ile namba inayoandikwa baada ya alama ya ± na ambayo huachwa pindi ripoti inapogeuka kuwa kichwa cha habari. Hukokotolewa kwa njia ya mwanatakwimu Jolly ya mwaka 1969, iliyotengenezwa kwa mistari isiyolingana urefu. Unagawanya jumla ya tembo walioonekana kwa jumla ya eneo lililofunikwa, unazidisha kwa eneo lote, kisha unapima ni kwa kiasi gani mstari mmoja unatofautiana na mwingine. Jambo la kushika ni kwamba kipimo cha tofauti ni mstari, wala si tembo mmoja mmoja. Kama tembo wangetawanyika sawasawa, mistari ingefanana na kosa sanifu lingekuwa dogo. Tembo wa kiangazi hawatawanyiki. Mistari kumi inapita patupu, wa kumi na moja unaangukia dimbwi lenye tembo mia.

Makadirio ya 2013 yalikuja na kosa sanifu la 3,282, yaani asilimia 16. Kwa 2014 chukua asilimia 20 na kwa 2015 chukua asilimia 30, viwango vya kawaida kwa mnyama anayejazana hivi. Zidisha kosa sanifu kwa 1.96 upate mipaka ya uhakika wa asilimia 95:

2013: kati ya 13,700 na 26,500
2014: kati ya 5,000 na 11,500
2015: kati ya 6,500 na 25,100

Mstari wa tatu unastahili kutazamwa kwa muda. Hesabu iliyokusudiwa kumaliza ubishi inasema tembo ni wengi kuliko 6,500 na wachache kuliko 25,100. Karibu kila msimamo uliokuwepo kabla yake unatosha humo.

Ili kulinganisha miaka miwili, gawanya tofauti ya makadirio kwa kipeuo cha pili cha jumla ya miraba ya makosa sanifu. Jibu likizidi 1.96, tofauti ni kubwa kuliko inavyoelezeka kwa bahati ya sampuli. Kati ya 2013 na 2014 unapata 3.2. Kati ya 2014 na 2015 unapata 1.5. Kati ya 2013 na 2015, 0.7.

Kwa maneno mengine, hesabu ya 2013 na ya 2014 zinakinzana kweli kweli. Ya 2015 haikinzani na yoyote. "Kupanda" kutoka 8,272 hadi 15,836, jambo ambalo kibiolojia haliwezekani, kitakwimu halijathibitika kuwa limetokea. Na aliyesema 2015 ilithibitisha kwamba 2014 ilikosea amesema zaidi ya ambacho data inabeba. Ilitoa namba kubwa zaidi, lakini ya kuyumba.

Ambacho kosa sanifu halikioni

Hapa ndipo wengi husimama, na ndipo kazi ya uchambuzi inapoanza. Kosa sanifu linapima bahati ya mistari ilipoangukia. Halijui kama ukanda ulikuwa mita 300 kweli, wala kama mwangalizi alikuwa macho. Makosa ya namna hii huvuta hesabu nzima upande mmoja, na kosa sanifu likabaki dogo na la kupendeza. Jibu la 3.2 kati ya 2013 na 2014 linaweza kuwa ujangili. Linaweza pia kuwa kimo.

Upana wa ukanda unafuata kimo moja kwa moja. Rubani akiruka futi 315 badala ya 350, ukanda unakuwa mita 270 badala ya 300. Mchanganuzi asipoandika kimo halisi cha kila kipande, atagawanya tembo kwa eneo lililozidi, na makadirio yatashuka kwa asilimia 10. Penye mabonde na vilima vya magharibi mwa Ruaha, kushika kimo ni kazi ngumu, na altimita ya kawaida inayopima shinikizo la hewa haifai hapo. Inatakiwa ya leza au ya rada, inayosoma ardhi iliyo chini ya ndege wakati huo huo.

Kusawazisha ukanda hufanywa kwenye kiwanja cha ndege kabla ya sensa. Alama nyeupe zenye namba hupangwa kukatiza kiwanja kila baada ya mita 10, ndege inapita juu yake mara ishirini au zaidi kwa vimo tofauti, na kila mwangalizi anataja alama ya kwanza na ya mwisho alizoziona kati ya fito zake. Kazi hii inachosha na haina mvuto, kwa hiyo ndiyo ya kwanza kufupishwa mafuta yakiwa machache. Pia ni ya mtu, kiti na ndege ile ile: mwangalizi akibadilishwa katikati ya sensa bila kusawazishwa upya, upana wa mwenzake haumhusu. Jicho lake hupangwa kwa alama mbili za utepe kwenye kioo, zilingane na fito. Akichoka akateleza kwenye kiti, jicho linashuka, mstari wa kuona unalala, na ukanda unasogea mbali na kupanuka. Saa ya nne ya kuruka, anahesabu ukanda mpana kuliko ulioandikwa, ingawa wakati huo huo uchovu unamfanya akose wanyama zaidi. Makosa mawili yanayokwenda pande tofauti hayafutani kwa adabu. Hujui lipi limeshinda.

Halafu majani na kivuli. Tembo wanaokula kwenye uwazi saa mbili asubuhi, saa sita wamesimama kimya chini ya miti. Kuhesabu miombo baada ya saa tano ni kuhesabu waliobaki juani. Tarehe za kuanza na kumaliza, mpangilio wa siku kwa kila sehemu, na hali ya majani kwa kila kipande cha sekunde 30 vyapaswa kuwemo kwenye ripoti. Bila hivyo huwezi kutofautisha mwaka wenye tembo wachache na mwaka ambao miombo ilichipua mapema.

Makosa haya yote yana mwelekeo unaojulikana: mara nyingi yanapunguza. Kukosa tembo ni rahisi, kuona asiyekuwepo ni vigumu, isipokuwa kwa yule anayehesabu kundi zima lililokatwa na ufito. Kwa mizani hiyo, ukilazimishwa kuchagua kati ya 2013 na 2014 ni ipi yenye kosa kubwa la kuonekana, dau la busara liko kwa 2014. Dau hilo halijawa ushahidi.

Mizoga

Kuna shahidi mwingine aliyekuwa ndani ya ukanda ule ule, naye hutazamwa kidogo mno. Waangalizi hurekodi mizoga ya tembo sambamba na walio hai, kwa madaraja manne. La kwanza ni mzoga mbichi, wenye nyama na tai juu yake. La pili una ngozi iliyokauka, na kuuzunguka lipo doa ambapo majimaji yameua majani, haujafikisha mwaka. La tatu ni mifupa meupe iliyo wazi. La nne ni mifupa ya kijivu iliyopasuka na kutawanyika.

Uwiano wa mizoga ni mizoga yote kugawanya kwa mizoga na walio hai kwa pamoja. Hadi asilimia 8 huchukuliwa kuwa vifo vya kawaida. Kama kweli tembo 11,818 walikufa kati ya sensa ya 2013 na ya 2014, uwiano ungekuwa 11,818 kwa 20,090, yaani asilimia 59. Mzoga huonekana kwa shida kuliko tembo anayetembea, kwa hiyo uwe mkali: sema waangalizi waliona robo tu. Bado ungepata 2,950 kwa 11,220, asilimia 26, na tena sehemu kubwa ikiwa ya daraja la kwanza na la pili, kwa kuwa mwaka mmoja hautoshi kuchanganya mifupa na majani.

Hiki ndicho kipimo cha kuanza nacho unapopewa ripoti ya namna hii. Anguko la namna hiyo ndani ya mwaka mmoja lazima liache madoa. Ikiwa mizoga ya daraja la kwanza na la pili haifikii hata sehemu ndogo ya inayotarajiwa, anguko lilitokea kwa miaka mingi zaidi au halikutokea kwa kiasi hicho, na namba ya walio hai inarudishwa mezani. Na mizoga ya daraja la tatu na la nne ikiwa mingi, inaeleza ujangili wa miaka iliyotangulia, ambao huenda hata hesabu ya kwanza haikuunasa vizuri.

Kurudia hesabu kwa faida

Uamuzi wa kurudia ulikuwa sahihi. Kasoro iko kwenye kuamini kwamba kurudia peke yake kunajibu swali. Hesabu ya kurudia iwekewe lengo kabla ndege haijawashwa: kosa sanifu lisizidi asilimia 12, kwa mfano.

Njia ya nguvu ni mafuta. Kilomita za mraba 50,000 kwa mistari inayoachana kilomita 5 ni kilomita 10,000, saa 57 za kuwa kwenye mstari kwa mwendo wa 175, bila kuhesabu kugeuza na kwenda na kurudi kiwanjani. Ukipunguza nafasi iwe kilomita 2.5, saa zinakuwa 114, na kosa sanifu linapungua kwa takriban theluthi tu, kwa sababu linafuata kipeuo cha pili cha juhudi. Kutoka asilimia 30 hadi 15 kunahitaji mara nne.

Njia ya akili ni kutenga matabaka. Ukanda wa Ruaha Mkuu na mito ya mchanga, tembo walikojazana, upewe mistari ya kilomita 2.5 au pungufu. Miombo mikavu iliyo mbali na maji ibaki na kilomita 5. Mistari ikate mito, isiende sambamba nayo. Ikienda sambamba, mstari mmoja unabeba tembo wote wa mtoni na majirani zake hawana kitu, na kosa sanifu linalipuka. Ikikatiza, kila mstari unapata kipande chake cha mto na kipande cha pori kavu, nayo mistari inafanana. Hili halina gharama ya ziada hata lita moja.

Yanayobaki ni nidhamu: kuruka asubuhi hadi saa tano, waangalizi kubadilishana pande na kusawazishwa upya, kimo kunaswa na chombo badala ya kusomwa kwa jicho, na kamera kila upande ili picha zihesabiwe na mtu asiyejua mwangalizi alitamka nini. Tarehe nazo zilingane na za hesabu inayopingwa. Kurudia hesabu ya miombo mikavu wakati majani yamechipua ni kuanzisha ubishi mpya.

Mtego wa wastani

Mtu mwenye namba tatu mkononi atashawishika kuziunganisha. Wastani wa kawaida ni 14,730. Mwenye mafunzo ya takwimu atasema la, zipewe uzito kwa kinyume cha mraba wa kosa sanifu, zenye uhakika zaidi zivute zaidi. Akifanya hivyo anapata 11,100 hivi, kwa kuwa 2014, yenye kosa sanifu dogo kuliko zote, inabeba karibu asilimia 73 ya uzito.

Lakini kosa hilo ni dogo kwa sababu makadirio yenyewe ni madogo. Kwa mnyama anayejazana, tofauti kati ya mistari hukua kadiri wanyama wanaoonekana wanavyokuwa wengi. Sensa iliyokosa makundi makubwa huonekana nadhifu, na sensa iliyoyaona huonekana chafu. Uzito wa namna hiyo unaizawadia hesabu kwa kutoona. Kabla ya kuunganisha chochote, omba jedwali la mstari kwa mstari la miaka yote mitatu, ulitazame mto kwanza: mistari ileile, madimbwi yaleyale, tembo wangapi kila mwaka. Kama upungufu wa 2014 umeenea mistari yote, wazia ujangili, kimo au majani. Kama umetokana na mistari mitano au sita ya mtoni, basi unatafuta makundi kumi na tano yaliyokuwa upande wa pili wa ufito.